Mwaka Nilioacha Mkate

Mama mkwe wangu alizikwa Magwagwa mwezi uliopita, asubuhi, kabla mvua ya mchana haijafika. Baada ya maombi tulielekezwa kwenye turubai, ambako akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga sufuria kubwa mezani: wali, nyama ya ng'ombe, kabichi, na chapati zilizokunjwa na kufunikwa kwa kitambaa zisipoe. Binti aliyekuwa akigawa chakula, nadhani ni mjukuu wa jirani, aliniwekea chapati mbili kwenye sahani kabla sijafungua mdomo. Mwanamke mzee aliyesimama nyuma yake alimshika mkono. "Huyo hali hizo," alisema. "Huyo ni mume wa Kemunto. Chakula chake kiko jikoni." Binti alinikagua usoni. "Ni mgonjwa?" akauliza, si kwa ubaya. "Mgonjwa wapi," mzee akamjibu. "Anakula ugali wa wimbi. Mpishe apite."

Niliketi kwenye benchi karibu na mlango wa jiko nikangoja. Jiko hilo sasa ni la matofali, lakini limesimama pale pale lilipokuwa la udongo, na kutoka kwenye benchi niliwasikia wanawake ndani wakibishana kama mboga imeiva au bado. Niliwahi kuketi hatua chache tu kutoka hapo, nikiwa kijana, nikawasikiliza wanawake wengine wakibishana kunihusu. Kati ya siku hizo mbili yamepita karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Hata hivyo, nikiulizwa ni mwaka gani ulionifundisha kuishi, nitautaja ule mmoja, mapema katika miaka ya sabini, ambao kwa nje haukuwa na jambo lolote kubwa isipokuwa kwamba niliacha kula mkate.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mosocho, nyuma ya duka la mfanyabiashara wa mahindi. Kilikuwa na kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa, meza iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na rafu niliyoipigilia mwenyewe kwa ajili ya vitabu. Vitabu vilikuwa vya kila namna, kwa kuwa nilinunua chochote kilichouzwa kwa bei ya chini: mwongozo wa pampu za maji, nusu ya kamusi, kitabu cha elimu ya mwili kilichopoteza jalada. Shule niliiacha mapema. Nilichokijua baada ya hapo nilikitafuta mwenyewe, polepole, na mpaka leo sina hakika na jambo mpaka nimelijaribu kwa mikono yangu. Kila asubuhi nilikunywa chai ya maziwa na nusu mkate uliopakwa siagi. Kijijini tulikunywa chai kwa viazi vitamu au ndizi za kuchemsha. Mkate ulikuwa wa mwalimu, wa karani, wa mtu mwenye saa mkononi. Nilipokata slesi ya kwanza, dirisha likiwa wazi na harufu ya mahindi ikiingia kutoka dukani, nilijihesabu kuwa miongoni mwa watu waliovuka. Jambo hilo ni dogo, lakini lazima nilitaje, kwa sababu asiyelijua hataelewa nilichoombwa kuacha.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mizani. Mzee Oyaro, mwenye kibanda cha mabati Kisii mjini, aliniajiri nikiwa sijui kitu, kisha akanifanya mshirika wake. Tulitengeneza mizani za dukani zenye sahani mbili, zile za kuning'iniza zenye uso wa mviringo ambazo kwazo wakulima walipimiwa majani ya chai, na za jukwaa zilizopima magunia. Mzee Oyaro alikuwa mnene, mwenye maneno mengi na vidole vyepesi, na somo lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba mizani tupu haisemi lolote. "Mshale ukisimama kwenye sufuri usifurahi," alisema. "Uwekee mzigo. Mwongo humjui mpaka umtwike kitu." Nilikuja kulikumbuka somo hilo mahali ambapo yeye mwenyewe hakulitarajia.

Mke wake alijifungua kwa shida katika hospitali moja ya misheni, na ndugu na marafiki wakaombwa watoe damu. Nilikwenda kwa furaha. Nilikuwa kijana niliyepanda baiskeli kutoka Mosocho hadi mjini na kurudi kila siku, niliyebeba mawe ya kupimia bila kusimama kupumzika. Muuguzi alinichoma kidole, akatazama tone la damu, akaondoka, akarudi na daktari. "Kaka," muuguzi aliniambia, "wewe ndiye tungekutafutia damu." Walinipa dawa ya minyoo, kisha vidonge vya madini ya chuma, miezi ikapita na damu haikupanda. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha vitabuni, na hakupenda jambo ambalo halikujibu dawa. Alinituma Nairobi. Huko nilimezeshwa kidude kidogo kilichofungwa kwenye mpira mwembamba, kikashuka hadi kwenye utumbo, kikang'ata kipande kidogo sana cha nyama, kikavutwa juu. Sikuambiwa kitu. Majibu yalirudi kwake kwa posta, naye akaniita.

"Tumbo linakuuma?" aliuliza.

"La, daktari."

"Unaharisha?"

"La."

"Usingizi?"

"Nalala fofofo."

Aliweka kalamu mezani. "Ugonjwa huu nimeuona kwetu, kwa watu wachache. Wote walikuwa mifupa mitupu. Wewe ni wa kwanza kuja kwangu kwa baiskeli."

Kisha akanieleza. Ndani ya utumbo mdogo kuna nyuzi ndogo ndogo kama za taulo jipya, na hizo ndizo zinazofyonza chakula. Za kwangu zilikuwa zimelala. Taulo limefuliwa mpaka limekuwa shuka. Kilichozilaza ni kitu kilichomo katika ngano na shayiri, na katika nafaka nyingine moja ya nchi za baridi ambayo sijaiona hadi leo. Nyuzi hizo zingeweza kusimama tena, mradi nisile hata chembe: mkate, chapati, mandazi, biskuti, bia ya chupa kama ninakunywa. Nilimwambia sinywi. Nikamuuliza nitaacha mpaka lini.

"Mpaka uzeeni," alisema, "na uzeeni pia."

"Na nikila, nitahisi nini?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo shida yako. Anayeumwa, tumbo lake linamlinda. Wewe utajilinda kwa akili tu." Aliongeza kwamba nirudi baada ya mwaka. Damu ikiwa imepanda, tutajua yeye ni mkweli. Isipopanda, nitakuwa huru kununua mkate wangu.

Watu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje nikamwamini, mimi ambaye sikuumwa na lolote. Jibu ni mizani. Nilikuwa nimeona mizani ngapi zenye mshale ulionyooka kwenye sufuri, rangi nzuri, kioo kisicho na ufa, na ndani springi imechoka? Mwili wangu ulikuwa ukisoma sufuri vizuri. Mtu mmoja ameuwekea mzigo, ukashindwa. Hata hivyo sikumwamini kwa neno tu. Jioni hiyo nilinunua unga wa ngano, nikaukanda, nikalifua donge ndani ya beseni la maji kama daktari alivyonielekeza, maji yakawa meupe, nikayamwaga, nikafua tena, mpaka mkononi kikabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira wa kombeo. Nilifanya vivyo hivyo na unga wa wimbi, ukayeyuka wote. Na wa mahindi, ukaisha kati ya vidole. Nilikiweka kile kitu cha kijivu mezani nikakitazama huku chai ikipoa. Jina lake ni gluteni, lakini neno hilo nililipata miaka mingi baadaye. Siku hiyo nilijua tu kwamba kinaonekana, kinashikika, na kwamba chakula cha bibi yangu hakina.

Mzee Oyaro alipokea habari hizo kwa huzuni ya uongo. "Wazungu hawa," alisema, "wametuletea mkate, tukaupenda, sasa wanaanza kuuchukua tena mmoja mmoja." Lakini alifaidika. Tulizunguka naye sehemu zote, Keroka, Nyamira, Magwagwa, hadi vituo vya chai vilivyo mbali na barabara, na desturi ni ile ile kila mahali: fundi akifika, kabla hajafungua boksi lake, analetewa chai na mandazi. Yangu yalihamia kwenye sahani yake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameongeza tundu kwenye mkanda, akidai ananibebea ugonjwa. Mimi nilifunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la ndizi, karanga za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi, na ndizi mbivu, na nikajifunza kwamba safari humtaka mtu aulize. Mchuzi ulikuwa mtego kuliko mkate, kwa kuwa mkate haujifichi. Nakumbuka hoteli moja ya Nyamira, yenye meza za mbao zilizosuguliwa kwa majivu, na mpishi aliyesimama dirishani na mwiko wake.

"Mchuzi huu una unga?" nilimuuliza.

"Una mapenzi."

"Na unga?"

"Kidogo. Bila unga mchuzi unakimbia sahani."

"Unga gani?"

"Wa ngano, bwana. Ulitaka nitie saruji?"

Watu wote hotelini walicheka, nami nikacheka, nikala viazi vyangu kwa chai. Baada ya safari chache mpishi huyo alinitengea nyama kwenye kisufuria kabla hajatia unga, na akawa anapaza sauti nikiingia: "Bwana Saruji amefika." Jina hilo lilinifuata Nyamira kwa miaka. Sikulichukia. Niligundua kwamba watu hawamchukii anayeuliza. Wanamchukia anayerudisha sahani.

Kemunto alikuwa muuzaji katika duka la jumla hapo hapo Nyamira, na mizani ya duka lile iliharibika mara nyingi kuliko mizani yoyote ya wilaya. Mzee Oyaro alisema nimeipa ugonjwa wangu. Kemunto hakuwa mtu wa kupambwa. Alikuwa mwepesi wa kujibu, mwenye macho yanayosubiri umalize ili akuonyeshe ulipokosea. Nilipomweleza habari ya ngano alinisikiliza hadi mwisho akiwa anafunga sukari kwenye karatasi.

"Kwa hiyo unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Basi nyumbani nitasema nini? Kwamba mchumba wangu haumwi, ndiyo maana hali?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli upi, Makori? Wakisikia neno hospitali hawatasikia la pili. Baba hatamtoa binti kwa mtu mwenye ugonjwa wa maisha, hata ugonjwa wenyewe ukiwa hauonekani. Usipoonekana ndipo watauogopa zaidi."

Alikuwa sahihi, na kutokana na hilo nilijikuta mahali pembamba. Sikuweza kula, wala kueleza kwa nini sili. Kwa mgeni wa mjini hili laweza kuonekana jambo la adabu tu. Kwetu ni zito kuliko hapo. Mtu anayekaribishwa chakula nyumbani kwa watu akakiacha amesema neno, hata akinyamaza. Amesema kwamba anaogopa mkono uliokipika. Amemwita mwenye nyumba mwuaji kwa sumu au mchawi, mbele ya jamaa zake, akiwa ameketi kwenye kiti chao. Uchumba umevunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Kemunto alijaribu kuziba mwanya mapema kwa kumwambia mama yake kwamba napenda wimbi. Mama alimjibu: "Mkwe atoke mjini nimpe wimbi? Waseme nimemlisha kama anayelinda ndege shambani?" Alikuwa tayari amekwenda kwa mke wa mwalimu kufundishwa kusukuma chapati.

Tulikwenda Magwagwa siku ya Jumapili, Mzee Oyaro akiwa mshenga wangu katika koti lisilofunga tena. Sebule ilikuwa ndogo na safi sana, viti vimevalishwa vitambaa vya kufuma, sakafu imetoka kusiribwa, ingali na unyevu pembeni. Waliokuwepo ni baba mkwe, mtu mpole wa maneno machache, mdogo wake ambaye hakuwa hivyo, na majirani wawili. Jiko liliungana na sebule, na ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo moshi na maneno vilipita kwa uhuru. Mama mkwe alikuwa upande wa pili. Hakuweza kuja tulipo. Kati ya mama mkwe na mkwe wa kiume kuna heshima tunayoiita chinsoni: hawatazamani, hawashikani mikono, hawasimami uso kwa uso. Sauti yake niliijua kabla ya kuujua uso wake.

Chakula kililetwa. Nyama Kemunto alikuwa ameipika mwenyewe, nikaila bila wasiwasi. Kisha zikaja chapati kwenye sinia, zimepangwa kwa uangalifu, zikinukia kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Mpango wangu na Mzee Oyaro ulikuwa uleule wa mandazi: zangu zihamie kwake. Lakini kila mtu alipewa sahani yake, na baba mdogo wa Kemunto alikuwa ameketi akinitazama mikono.

"Mkwe," alisema baada ya muda, "mbona unaizunguka chapati kama jogoo aliyeona nyoka?"

"Nimeshiba, baba."

"Umeshibia wapi? Kuna nyumba nyingine yenye binti hapo njiani?"

Walicheka. Sikuigusa. Kicheko kilipungua, kikaisha, na yule baba mdogo akairudisha chapati yake kwenye sahani, taratibu. Majirani wakaacha kutafuna. Mzee Oyaro alizidisha kula, kana kwamba angeweza kula kwa niaba yangu na ya kijiji kizima. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia kila neno.

"Mbona wamenyamaza?"

"Hali."

"Hali nini?"

"Chapati. Anasema ameshiba."

Kisha sauti ya mwanamke mwingine, labda shangazi, ikasema kwa chini, lakini si chini kiasi cha kutosikika: "Anaogopa mkono wako."

"Mkono wangu?"

Sijasahau alivyolitamka neno hilo. Halikuwa na hasira. Lilikuwa la mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Mara nikasikia kiti kikisogezwa, na mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe alisimama kizingitini, ubavu kwetu, leso imefunika kichwa na kushuka hadi shavuni, mikono ingali na unga. Wanaume wote waliinamisha macho, nami pia, kwa hiyo nilichokiona ni mkono tu. Mkono ulinyooka, ukamega kipande cha chapati ya juu kabisa kwenye sinia, ukarudi mdomoni. Alitafuna. Tulimsikia akimeza.

"Mwambieni," alisema, akimwelekea mumewe, "chakula ni safi."

Hakuna mwanamke wa rika lake ambaye angevuka chinsoni kwa jambo dogo. Alikuwa amejiaibisha ili anisafishie sahani. Zamu ilikuwa yangu. Nilifikiri, na nakumbuka nilivyofikiri, hatua kwa hatua, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwa haraka vile. Nikila hii moja sitahisi kitu. Hakuna atakayejua, hata damu haitasema kwa ajili ya chapati moja. Lakini nikila leo nitakula kila nitakapokuja hapa, na nitakuja hapa maisha yangu yote kama Mungu akipenda. Siku moja haina uzito. Niliyokuwa nikiombwa kula ni chapati ya miaka yote. Nikikataa, nimeliua jina la mwanamke huyu. Nikisema hospitali, nimempoteza Kemunto. Ndipo nikaisikia harufu nyingine, iliyokuwepo muda wote chini ya ile ya mafuta: wimbi. Jikoni walikuwa na chakula chao wenyewe.

Niliongea na baba mkwe, kama adabu inavyotaka, lakini kwa sauti ya kufika jikoni. "Baba, naomba msamaha. Hiki mmenipikia kama mgeni, na nimekiona. Lakini nasikia harufu ya wimbi. Kama nyumba hii inakula wimbi leo, naomba nile kwenye chungu kile kile."

Mzee Oyaro, mdomo ukiwa umejaa, alielewa kabla yao wote. "Mnasikia?" alisema. "Kijana wangu hataki kuwa mgeni hapa. Mgeni hupikiwa chungu chake. Huyu anaomba chungu cha watoto." Aliwaacha walipime jambo hilo, nao wakalipima. Chakula cha mgeni kinaweza kutiwa kitu. Chungu ambacho watoto wa nyumba wanakula hakuna awezaye kukichezea. Kuomba kula humo ni kuweka maisha yako pamoja na ya watoto wao.

"Ni wa watoto," sauti ya mama mkwe ilisema, ikiwa imeshajificha tena. "Umeshapoa."

"Mpe uliopoa," baba mkwe akasema. Hilo lilikuwa neno lake refu kuliko yote ya siku hiyo.

Kemunto aliuleta ndani ya ekee, kile kikapu kipana kilichosukwa kwa kubana ambacho wazee wetu huwekea ugali. Ulikuwa mkubwa, mwekundu kama udongo wa shamba, na ubavuni ulikuwa umemegwa kidogo. Alama za vidole zilikuwa bado zimo. Niliziona nikaelewa: mama mkwe alikuwa ameuonja kabla haujanifikia. Niliula kwa mboga chungu na maziwa ya mgando mpaka nikatoa jasho, na sikuacha mpaka nilipoiona sehemu ya chini ya kikapu. "Huyu akioa," baba mdogo alisema, "waongeze ghala kabla ya harusi." Nyuma ya ukuta wanawake walicheka, wengi kwa pamoja, na kati yao nikaisikia sauti niliyokuwa nimeijua kwa saa moja tu.

Kemunto alimweleza mama yake ukweli baada ya ng'ombe kupokelewa na siku ya harusi kupangwa. Alinisimulia mazungumzo hayo mara nyingi, kwa sauti zote mbili.

"Kwa hiyo hakuogopa mkono wangu. Aliogopa ngano."

"Ndiyo, mama."

"Angesema."

"Angesema, ungenitoa?"

"Nisingekutoa."

Hakuwahi kunizungumzia jambo hilo mimi mwenyewe. Chinsoni haikuruhusu, na hata ilipolegea kwa uzee hatukuliona la maana. Lakini tangu siku ile, kila nilipofika Magwagwa, ekee ilikuja, na kila mara ugali ulikuwa umemegwa ubavuni. Ulikuja hivyo nilipokwenda na watoto, ulikuja hivyo alipokuwa hawezi tena kushika mwiko na kazi hiyo akaifanya mwingine. Alijua vizuri kwamba simwogopi. Nadhani aliendelea kwa sababu ndiyo njia pekee tuliyokuwa nayo ya kusalimiana.

Mwaka ulipotimia nilirudi hospitalini. Daktari alinichoma kidole mwenyewe, akatazama, akaenda kutazama tena kwa kifaa kingine, kisha akaketi na kuniuliza kama bado nataka kutoa damu. Nilitoa siku hiyo hiyo. Nililala kwenye kitanda cha hospitali nikiitazama chupa ikijaa, na sikumbuki nikiwa na furaha tulivu kama ile. Daktari alirudi kwao baadaye, na kwa miaka mingi sikukutana na mtu mwingine aliyeujua ugonjwa wangu kwa jina. Siku hizi wapo, na mjini kuna unga wa pakiti ulioandikwa kwamba unafaa. Mimi bado hufunga viazi vyangu nikisafiri, bado huuliza mpishi, na bado sijisikii lolote, vyovyote nilavyo. Niliishi maisha mema kwa kulinda kitu ambacho sijawahi kukihisi, na sioni kama nilipungukiwa. Mkate niliusahau baada ya muda. Harufu yake tu hunisimamisha, nikipita mahali unapookwa, kisha naendelea.

Pale kwenye benchi, baada ya mazishi, mlango wa jiko ulifunguka na mke wa shemeji akanipa ekee kwa mikono miwili. Ilikuwa ekee ile ile, imeshonwa ukingoni. Ugali ulikuwa mzuri, wa moto, umepigwa mwiko hadi ukalainika, na ulikuwa mzima. Pande zote ulikuwa laini kama yai. Niliushika mapajani nikautazama, na mkono wangu haukwenda. Kemunto alitoka kwenye turubai akifuta mikono kwa leso, akaketi kando yangu, akatazama nilichokuwa nikikitazama. Aliingiza vidole ubavuni mwa ugali, akamega kidogo, akala, akameza.

"Ni safi," alisema. "Kula."